Nilimpa mpinzani kiti akaondoka nacho: insha yangu ya kwanza ya hoja, na neno "baba"

Wakuu, salamu kwenu nyote, wa asubuhi kwa wa jioni.

Mimi ni msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu. Kilichonitoa mafichoni ni swali la juzi la kijana mmoja aliyeomba aelezwe namna ya kupanga insha ya kushawishi. Alijibiwa vizuri. Mmoja alimwambia aanze na msimamo, mwingine akamshauri hoja zisipungue tatu, na wa tatu akamwandikia mpango mzima wenye namba na vijinamba, ukapendeza macho.

Sina ugomvi na majibu hayo. Nimeyafundisha mwenyewe kwa zaidi ya miaka thelathini. Lakini kila nilipoandika neno "mpango" ubaoni, chaki ilisita kidogo mkononi mwangu. Insha ya kwanza ya hoja niliyoipanga maishani niliipanga bila dosari hata moja, na nusura immalize dada yangu.

Nitaeleza yote kama yalivyokuwa. Kumbukumbu ilipofifia nitasema imefifia. Na pale nitakapoonekana mjinga, msidhani ni unyenyekevu wa mwandishi. Nilikuwa mjinga.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sitini. Kwetu ni Gesima, huku juu ambako leo ni Nyamira, ingawa siku hizo wote tuliitwa Kisii tu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha pili katika shule ya bweni upande wa Sironga, na nilikuwa nimerudi likizo nikiwa na sanduku la mbao, jozi moja ya viatu, na maoni mengi.

Wasiotoka kwetu naomba washike jambo moja dogo, kwa sababu litarudi.

Kwa Ekegusii, lugha yetu, mtu humwita babaye *tata*. Mamaye humwita *baba*. Hamjasoma vibaya. Siku yangu ya kwanza darasa la kwanza, mwalimu aliyetoka mbali aliniuliza kwa Kiswahili, "Baba yako anaitwa nani?" Nikataja jina la mama. Akauliza, "Anafanya kazi gani?" Nikajibu kwa ukamilifu, kama nilivyo hadi leo: "Ananyonyesha." Mwalimu aliweka kalamu chini akatazama nje ya dirisha kwa muda.

Kwa hiyo mzee wangu nitamwita Tata, na mama nitamwita mama, tusipotezane njiani.

Tata alikuwa amefanya kazi ya unyapara katika mashamba ya chai ya Kericho. Alirudi na vitu viwili alivyovithamini: koti la kijani, na Kiswahili. Ekegusii kilikuwa cha kuombea chumvi. Kiswahili kilikuwa cha kuzungumza na bwana shamba, kufukuza mbwa wa jirani, na kutoa hukumu. Tukisikia Kiswahili nyumbani, tulikaa wima.

Alikuwa miongoni mwa wa kwanza mlimani kwetu kupanda chai yake mwenyewe. Sisi tulikuwa Wasabato wa kushika, na chai hatukuinywa, maana kanisa lilikataza. Tuliilima, tukaichuma, tukaipeleka kituoni, kisha tukarudi nyumbani kunywa uji. Sikuwahi kusikia mtu akiona ajabu.

Mchumaji bora wa shamba hilo alikuwa dada yangu Kemunto. Alikuwa na miaka kumi na minne na mikono ambayo macho hayakuweza kuifuata. Kwa mwendo ule ule aliojazia kikapu, alikuwa amefanya mtihani wa darasa la saba akafaulu.

Mwanzoni mwa Januari barua ikaja. Kemunto alikuwa amepata nafasi katika shule ya upili ya wasichana, na alitakiwa kufika Jumatatu, siku kumi na saba mbele. Asiyefika siku hiyo, nafasi yake ingepewa mwingine.

Tata hakujua kusoma. Kemunto ndiye aliyemsomea barua hiyo, kama alivyomsomea barua zote. Alipomaliza, Tata aliichukua, akaikunja, akaitia ndani ya Biblia, akasema kwa Kiswahili:

"Tumesikia."

Nyumbani kwetu "tumesikia" maana yake ilikuwa hapana.

Kemunto alinifuata nyuma ya migomba.

"Wewe ndiye umesoma," aliniambia. "Sema na Tata."

"Nitasema," nikamjibu. "Lakini si ovyo ovyo. Lazima nipange."

Laiti angalijua. Laiti mimi ningalijua.

Muhula uliokuwa umeisha, mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa ametufundisha insha ya hoja. Alikuwa mtu wa pwani, mwembamba, aliyeletwa na kazi kwenye baridi yetu na ambaye hakuwahi kuonekana na sweta moja, alivaa mbili. "Insha haianzi na kalamu," alitwambia, "insha huanza na kiunzi. Hata jeneza hupimwa kwanza."

Kiunzi chake kilikuwa hivi. Msimamo wako uuseme kwa sentensi moja. Kisha mpe mpinzani kiti: mkaribishe, useme maneno yake vizuri kuliko anavyoweza kuyasema mwenyewe, halafu ndipo umwinue. Baada ya hapo panga hoja zako kutoka nyepesi hadi nzito, kwa kuwa ajuaye kula hubakiza nyama mwisho.

Niliyaandika hayo kwenye jalada la daftari kwa herufi kubwa. Nilidhani nimepewa ufunguo wa dunia.

Siku kumi na saba, wakuu. Kumi na nne kati ya hizo nilizimaliza kwenye kiunzi.

Nilikuwa na rula, wino wa buluu na wino mwekundu. Nilitengeneza kiunzi cha kwanza nikakiona kimeinama upande mmoja. Cha pili kilikuwa na hoja saba, nikaona ni utovu wa kiasi. Siku tatu nzima nilijadiliana na nafsi yangu iwapo "nafasi haiji mara mbili" ni hoja nyepesi au nzito kuliko "aliyeelimika huinua na wenzake". Niliziandika kwenye karatasi mbili, nikashika moja mkono huu na nyingine mkono huu, kana kwamba uzito ungenijia.

Kemunto alipita na kikapu mgongoni, kamba imekaza kipaji cha uso.

"Karani, umefika wapi?"

"Naandaa kiunzi."

"Na insha?"

"Haiji kabla ya kiunzi."

Alirekebisha kamba. "Kuku wetu angekuwa na kiunzi, hatungewahi kuonja yai."

Nilimsamehe. Hakuwa amesoma.

Mtu mwingine aliyejua mpango wangu alikuwa Magokoro, yaani nyanya yetu, mamaye Tata. Na hapa inabidi nieleze desturi. Kwetu mwana hasimami uso kwa uso na babaye akabishana naye. Kuna heshima iitwayo *chinsoni*, iliyo kama ukuta kati ya mzazi na mtoto aliyekwisha kukua. Lakini kati ya nyanya na mjukuu ukuta huo haupo. Hutaniana kama mke na mume. Kwa hiyo mwenye neno zito kwa babaye humwambia nyanya, na baba akiwa ameketi papo hapo, husikia kana kwamba amesikia kwa bahati.

Magokoro alikubali kukaa katikati. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye fimbo ndefu kuliko haja yake. Alikuwa ameolewa huku kutoka Marani, ambako alikua akiuza ndizi sokoni. Nilimweleza kiunzi changu alipokuwa akipepeta wimbi. Nilimweleza kwa Ekegusii, taratibu, kama anayemweleza mtoto. Nilipofika kwenye kiti cha mpinzani, alisimamisha ungo.

"Huyo unayemkalisha," akauliza, "ana njaa au ameshiba?"

Nikamwambia hilo halimo katika kiunzi.

"Haya, mume wangu," akasema, akaendelea kupepeta.

Nilikuwa nimeamua kusoma insha kwa Kiswahili. Sababu niliyojipa ilikuwa kumpendeza Tata kwa lugha yake ya hukumu. Sababu ya kweli ilikuwa kwamba nilijipenda nikizungumza Kiswahili cha mwalimu wangu wa sweta mbili. Magokoro, kwa ujuzi wangu wa wakati huo, alijua maneno manne tu ya lugha hiyo: soko, kodi, askari na haraka. Sikuona kuwa ni tatizo. Nilimchukulia nyanya yangu kama sanduku la redio, sauti ipitie kwake ikaishie kwingine.

Nyama ya insha nilikuwa nimeibakiza mwisho, na niliiandika kwa wino mwekundu.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, tukitoka kituo cha chai, Tata aliniambia jambo ambalo hajawahi kumwambia mtu mwingine ninayemjua. Alisema kule Kericho palitokea kazi ya ukarani wa mizani, naye ndiye aliyestahili, akanyimwa kwa kuwa hakujua kuandika. Ikapewa kijana ambaye yeye Tata alikuwa amemfundisha kazi. Alisema hayo akitembea mbele yangu, nisiuone uso wake.

Nilipotafuta hoja nzito kuliko zote, nikaikumbuka hiyo. Nilijipongeza. Hapo, nikasema, hana pa kutokea.

Kemeeni, wakuu. Nastahili.

Siku ikafika. Ilikuwa Sabato, ikiwa imebaki Jumapili tu kabla ya ile Jumatatu. Tulikuwa tumetoka kanisani, tumekula viazi vitamu vilivyopikwa Ijumaa. Siku hiyo hakuna anayegusa shamba, kwa hiyo wote walikuwepo: Tata karibu na mlango, koti la kijani limefungwa vifungo vyote, mama juu ya mkeka, Kemunto nyuma yake, Magokoro katikati juu ya kigoda. Nilisimama mbele ya Magokoro na kurasa kumi na moja mkononi.

Nilisoma msimamo: "Msichana aliyepewa nafasi ya shule na aende."

Uso wa Tata haukutikisika. Nikajua kila kitu kinakwenda kwa mpango.

Kisha nikampa mpinzani kiti.

Niseme kweli, kilikuwa kiti kizuri. Nilikuwa nimetumia takriri, pambo la kurudia maneno ambalo mwalimu alilisifu sana, nikaanza kila sentensi kwa maneno yale yale:

"Baba ndiye mwenye boma. Baba ndiye aliyelala njaa ili watoto washibe. Baba ndiye aliyepanda chai mahali palipokuwa na magugu. Baba ndiye aionaye kesho kabla haijafika..."

Katika ya tatu, Tata alivua kofia. Katika ya nne, aliinua mkono.

"Rudia hapo," akasema kwa Kiswahili.

Wakuu, nikarudia! Tena nilirudia kwa ishara za mikono. Zilikuwa sentensi saba, na ya saba ilisema: "Naam, baba ndiye mwenye neno la mwisho." Nikanyamaza kidogo kabla ya kumwinua mpinzani, kama kiunzi kilivyoagiza.

Mpinzani akainuka mwenyewe.

"Mwanangu amesoma," Tata akasema akiiweka kofia kichwani. "Alitanguliza maneno ya watoto, kisha akayajibu kama mtu mzima. Mimi sina la kuongeza. Kemunto, kesho tunaanzia shamba la chini."

"Tata, bado kuna..."

"Aliyekwisha kushinda hunyamaza."

Zilibaki kurasa tisa. Nilizitazama. Nilikuwa na vipengele vya kumkanusha mpinzani mkali, mpinzani mjanja na mpinzani mkaidi. Sikuwa na kipengele cha mpinzani anayekushukuru na kuondoka na kiti.

Kemunto hakulia. Alinitazama kama mtu anavyotazama daraja lililovunjika na mbuzi wake juu yake.

Hapo ndipo fimbo ya Magokoro ilipogonga sakafu.

"Keti," alimwambia Tata.

Tata akaketi. Ukuta ule wa heshima una ghorofa. Na yeye alikuwa na mzazi juu yake.

"Huyu mume wangu amesoma kwa lugha yenu ya Kericho," Magokoro akasema kwa Ekegusii. "Mimi nimeambulia neno moja tu. Baba, baba, baba. Nimehesabu kwa vidole, mkono mmoja ukaisha nikaingia wa pili. Hiyo *ndiye* inayofuata ni nini?"

Hakuna kitu Tata alipenda kuliko kuulizwa Kiswahili.

"Ndiye," akasema kwa uzito, "ni kusema yeye hasa, wala si mwingine."

"Yeye hasa, wala si mwingine. Vizuri. Na mwishoni alisema baba, yeye hasa wala si mwingine, ana nini?"

"Ana neno la mwisho."

"Wewe ukamjibu nini?"

"Nilimwambia arudie."

"Na kisha?"

"Nikasema sina la kuongeza."

"Umesema mbele ya watu, siku ya Sabato." Akageuka. "Kemunto! Baba ni yupi hapa? Mwonyeshe."

Kemunto hakufikiri hata kidogo. Alinyoosha kidole kwa mama.

Tata akaruka kama aliyekanyaga siafu. Alitaka kueleza kwamba kwa Kiswahili neno hilo ni lake. Lakini alikuwa akizungumza na mamaye, na mamaye alimwita kama sisi sote tunavyowaita mama zetu, kwa hiyo kilichomtoka kinywani ni hiki:

"Baba, baba ni mimi!"

Nje mbuzi akakohoa.

Magokoro alimtazama mwanawe kutoka kofia hadi viatu, bila haraka.

"Wewe ni baba?" akauliza. "Ulimnyonyesha nani?"

Mama ndiye aliyeanza. Alijifunika uso kwa leso, mabega yakawa yanatikisika. Kemunto akafuata. Mimi nilijaribu kujizuia kwa ajili ya chinsoni, nikashindwa kupitia puani. Na Tata, baada ya kuangalia huku na huku kama mtu aliyepoteza mlango, akacheka. Alicheka hadi akavua kofia kwa mara ya pili.

Magokoro hakucheka. Alingoja.

"Mimi ni baba kwako," alimwambia kicheko kilipotulia. "Yule pale ni baba kwa Kemunto. Msomi wako amesema neno la mwisho ni la baba, nawe ukasema huna la kuongeza. Mimi la kwangu nimeshatoa, nilisema keti, ukaketi. Limebaki la yule."

Nilikuwa sijawahi kumsikia mama akisema neno katika kikao. Aliteremsha leso.

"Kemunto aende," akasema.

Hana hata utangulizi! Maneno mawili, na kurasa zangu kumi na moja zikawa karatasi za kuwashia moto.

"Na chai?" Tata akauliza, lakini kwa Ekegusii, na tukajua hukumu imekwisha.

Magokoro alininyooshea fimbo. "Huyu wa maneno yuko hapa wiki nzima zaidi. Mfunge kikapu."

Jumatatu Tata mwenyewe ndiye aliyebeba sanduku la Kemunto hadi barabarani. Lilikuwa sanduku langu, nimelitoa kwa aibu. Kemunto alitembea mbele akiwa na gauni lake la Sabato na kimya cha mtu anayeogopa kuamshwa. Njiani tulikutana na jirani aliyejua vizuri msimamo wa Tata juu ya chai na mikono ya Kemunto. Akashangaa.

"Kumbe anaenda? Nani ameamua?"

Tata alilisawazisha sanduku begani. Akajibu kwa Kiswahili, kwa sauti ile ya unyapara:

"Baba yake ndiye aliyeamua."

Akapita bila kugeuka. Nilimfuata nikiyageuza maneno hayo kichwani, upande huu na upande huu. Yalikuwa kweli tupu kwa lugha zote mbili.

Wiki hiyo nilichuma chai. Majani mawili na chipukizi, ndivyo inavyotakiwa, nami nililichunguza kila chipukizi iwapo limekomaa vya kutosha kuingia kikapuni. Kufika saa sita nilikuwa nimefunika chini ya kikapu tu. Tata alikuja, akaangalia ndani, akaangalia mistari ya chai iliyobaki.

"Huyu anaiandikia chai kiunzi," akamwambia mama.

Shule ilipofunguliwa niliikabidhi insha kwa mwalimu wangu, maana likizo alikuwa ametuagiza tuandike moja. Lakini kwanza niliutoa ule ukurasa wa wino mwekundu. Kila nilipoufikiria niliona namna ambavyo ningemsimamisha Tata mbele ya mamaye na mkewe na watoto wake na jambo alilonipa akiwa amenigeuzia mgongo. Ningeshinda, pengine. Na sijui ningekaa wapi katika boma lile baada ya kushinda. Niliutia jikoni kwenye moto wa shule, mpishi akanifukuza.

Mwalimu alirudisha insha na maneno machache pembeni: "Lugha safi. Upande wa pili umeketi vizuri mno."

Likizo ya Aprili nilimsomea Magokoro maneno hayo. Nilimtafsiria kwa Ekegusii, taratibu, kama kawaida yangu. Alikuwa na ungo ule ule mapajani. Alisikiliza hadi mwisho, akapuliza makapi, akasema kwa Kiswahili:

"Mume wangu, ukimpa mgeni kiti, usimtandikie na kitanda."

Kiswahili cha sokoni, kilichonyooka, bila lafudhi yetu ile inayonifuata hata leo. Ndizi za Marani zilinijia akilini, na wenye maduka wageni waliokuwa wakizinunua, na miaka yote ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwuliza aliwauzia kwa lugha gani.

"Magokoro," nikasema, "kumbe unajua Kiswahili?"

"Kiswahili gani?" akauliza kwa Ekegusii, akaendelea kupepeta.

Basi, wakuu, na hasa wewe kijana uliyeuliza. Kiunzi ni kizuri na mimi ninakitetea. Andika msimamo wako, panga hoja zako, bakiza nyama. Ila kabla hujachukua rula, jibu kwanza swali la mwanamke aliyekuwa akipepeta wimbi: huyo unayemkalisha ana njaa au ameshiba? Tata alikuwa na njaa ya kuheshimiwa. Nilimlisha sentensi saba akatosheka, akawa hana haja ya mimi kuendelea. Magokoro alimshinda, na bado akamwachia neno la kuondokea nalo, akalibeba hadi barabarani pamoja na sanduku. Mimi kwa wino wangu mwekundu nilikuwa nimeziba kila mlango.

Na neno ulipendalo sana katika insha yako, jiulize litaingia sikio la msikilizaji kwa lugha ipi.

Kemunto ni mkunga mstaafu. Yumo humu kwa jina ambalo sitalitaja, na najua atakuja kudai kwamba alikuwa ameshafunga nguo zake tangu Ijumaa, kwa kuwa alikuwa amezungumza na Magokoro na hakuwa na imani na insha yangu. Sina ushahidi wa kumkanusha.

Nanyi leteni zenu. Nani mwingine aliwahi kushindwa kwa hoja zake mwenyewe? Na walimu wenzangu, mnamfundishaje mtoto kumpima msikilizaji kabla ya kupima karatasi?

Anayetaka kunipinga akaribie pia. Nimemwekea kiti.

Kiti tu.